Mahitaji Maalumu ni ya Nani? Uhakiki wa Istilahi za Matunzo ya Meno kwa Watu Wenye Ulemavu

Miongoni mwa kazi zinazofikishwa mezani petu ili zipitiwe kabla ya kupigwa chapa, zile zihusuzo afya ndizo zinazotaka uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu neno likikosewa humo halimkoseshi mtu alama za mtihani tu, bali huweza kumdhuru. Hivi karibuni tulipitia rasimu ya mwongozo wa kuwahudumia watu ambao mfasiri amewaita “wagonjwa wa meno wenye mahitaji maalumu”. Sarufi ya rasimu hiyo ni safi, na tahajia yake haina ila kubwa. Lakini tulipoisoma mara ya pili tukijitia katika nafasi ya tabibu wa meno wa wilayani, na mara ya tatu katika nafasi ya mama aliyempeleka mwanawe kutibiwa, tuliona kuwa mahali pengi haimwambii msomaji afanye nini.

Hatumtaji mfasiri wala waliomwagiza, kwa kuwa nia yetu si kumlaumu mtu. Sehemu kubwa ya makosa hayo hakuyabuni yeye. Aliyakuta yametapakaa katika ofisi, magazeti na hospitali, naye akayachukua kwa imani kwamba lililozoeleka limekwisha kuwa sahihi. Kwa hiyo tunachokihakiki hapa ni istilahi zenyewe. Na jambo lenyewe si dogo. Katika ripoti zake za mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila sita, wana ulemavu mkubwa. Walio katika makundi yote mawili si wachache.

1. Jina la kundi

Tuanze na maneno “mahitaji maalumu”. Maneno haya hayakuzaliwa hospitalini, yalitoka darasani. Nchini Uingereza kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilitoa ripoti yake mwaka 1978, ikashauri watoto wasipangwe kwa majina ya vilema vyao, bali yaangaliwe mahitaji yao katika kujifunza. Shauri hilo lilikuwa jema, nalo likaenea katika nchi nyingi. Kwa mwalimu, kuuliza mtoto anahitaji nini ili asome ni swali lenye faida. Lakini msemo huo ulipotoka darasani ukaingia katika chumba cha tabibu wa meno, uliacha swali nyuma ukabaki jina tu.

Hebu tuwatazame wanaokusanywa chini ya jina hilo. Yumo mtu mwenye kifafa anayetumia fenitoini, dawa ambayo kwa baadhi ya watu huufanya ufizi ukue hata ukafunika sehemu ya meno. Yumo mwenye hemofilia, ambaye damu yake haigandi ipasavyo, na ambaye hafai kung'olewa jino kabla ya matayarisho. Yumo kiziwi anayefuata maneno kwa kutazama midomo ya msemaji, na ambaye tabibu akishavaa barakoa hawezi tena kufuata lolote. Yumo kipofu, ambaye hastahili kuguswa kinywani kabla ya kuambiwa kitakachomgusa. Yumo mtu mwenye usonji, ambaye pengine hasumbuliwi na maumivu kama anavyosumbuliwa na mlio wa mashine na mwanga wa taa. Yumo pia aliyezaliwa na hali iliyoelezwa na daktari John Langdon Down mwaka 1866, ambayo Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha mwaka 1959 kuwa inatokana na kromosomu moja iliyozidi. Huyu yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya ufizi, na mara nyingi huzaliwa na hitilafu ya moyo ambayo tabibu hana budi kuijua kabla hajaanza kazi.

Jina linalowafunika wote hawa halimwambii tabibu lolote kuhusu yeyote kati yao. Akiandikiwa katika barua ya rufaa kwamba anapelekewa “mgonjwa mwenye mahitaji maalumu”, hajui atayarishe dawa ya kugandisha damu, mkalimani wa lugha ya alama, au chumba kisicho na kelele.

Zaidi ya hayo, jina lenyewe halisemi kweli. Mahitaji ya kinywa cha mtu mwenye ulemavu ni yale yale ya kinywa cha mtu mwingine. Jino la kiziwi huoza kwa ukoga na sukari, kama lioavyo jino la waziri. Linahitaji mswaki, dawa ya meno yenye floraidi, na kuzibwa mapema linapotoboka. Kilicho maalumu ni namna ya kulifikia jino hilo. Waingereza wenyewe wamelitambua jambo hili. Mwaka 2008 Baraza la Madaktari wa Meno la nchi hiyo lilipoutambua utaalamu huu kuwa tawi linalojitegemea, jina lililotumika liliweka umaalumu katika matunzo, si katika mtu. Sisi bado tunaubebesha mgongo wa mgonjwa.

Tunapendekeza, basi, kwamba tawi hili la tiba liitwe “matunzo maalumu ya kinywa na meno”. Watu wahudumiwao waitwe “watu wenye ulemavu”, kama inavyosema Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapa Tanzania. Na pale ambapo tatizo si ulemavu bali maradhi, kama hemofilia, maradhi hayo yatajwe kwa jina lake. Katika barua ya rufaa hali ya mtu itajwe waziwazi, na baada yake liandikwe linalotakiwa kufanywa. Msemo wa “mahitaji maalumu” tunauachia elimu, ambako una kazi yake.

Tungependa pia neno “mgonjwa” litumiwe kwa kiasi. Mtu asiyeona anayekwenda kukaguliwa meno yake mazima si mgonjwa, na upofu wake si ugonjwa unaomleta hapo. Aitwe “mhudumiwa” hadi itakapoonekana ana maradhi.

2. Hitilafu, ulemavu na kikwazo

Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango wa kuainisha mambo haya kwa ngazi tatu: kasoro iliyomo katika kiungo, upungufu wa uwezo unaotokana nayo, na hasara anayoipata mtu katika jamii. Mwaka 2001 mpango mwingine ulichukua nafasi ya ule wa kwanza, nao ukatilia mkazo kuwa mazingira yenyewe huongeza au hupunguza ulemavu. Katika Kiswahili ngazi zote tatu tumezimwaga katika neno moja, “ulemavu”.

Tunaweza kuzitenganisha bila taabu kwa maneno tuliyo nayo. Kasoro ya kiungo tuiite “hitilafu”. Upungufu wa uwezo tuuite “ulemavu”. Kinachomzuia mtu tukiite “kikwazo”. Mtu aliyepooza miguu ana hitilafu ya neva. Ulemavu wake ni kutoweza kutembea. Lakini ngazi za kupandia hadi chumba cha tabibu ni kikwazo, na kikwazo hicho kilijengwa kwa saruji na fundi aliyelipwa. Mtumishi wa serikali anayeandika kuwa “mhusika ameshindwa kufika kwa sababu ya ulemavu” anaifunga habari hapo. Akiandika kuwa “ameshindwa kufika kwa sababu ya kikwazo cha ngazi”, msomaji wa barua hiyo anajua ni nani anayepaswa kufanya kitu.

3. “Mtindio wa ubongo”

Istilahi iliyotusumbua kuliko zote katika rasimu ile ni “mtindio wa ubongo”. Mahali fulani imetumika kwa maana ya ubongo kudhurika kabla au karibu na wakati wa kuzaliwa, hata mtu asiweze kuitawala misuli yake vizuri. Mahali pengine imetumika kwa maana ya upungufu wa akili. Hayo ni mambo mawili. Yanaweza kukutana katika mtu mmoja, lakini wako wengi wenye hali ya kwanza ambao akili zao ni timamu kabisa, ila ulimi na midomo havitii amri yao.

Tabibu akisoma “mtindio” akaelewa upungufu wa akili, atazungumza na mama na kumpuuza aliyeketi kitini. Atamng'oa jino mtu anayesikia na kuelewa kila neno, bila ya kumweleza lolote, eti kwa kuwa hataelewa. Kosa hili si la tabibu peke yake. Istilahi ndiyo iliyomwongoza vibaya. Tunapendekeza hali ya kwanza iitwe “kupooza kwa ubongo”, jina ambalo tayari linatumiwa na baadhi ya wahudumu wa afya, na ya pili iitwe “ulemavu wa akili”. Maneno kama “taahira”, “punguani” na “zezeta” yamekwisha kuwa matusi mitaani, na hayana nafasi katika maandishi ya tiba.

4. Vitenzi vitatu

Wanaistilahi tuna tabia ya kushughulikia majina tu na kuvisahau vitenzi, ilhali katika tiba vitenzi ndivyo vinavyoamuru mikono. Katika rasimu tuliyoipitia, kila mahali mhusika “asuguliwe meno”. Kiswahili kina utajiri wa minyambuliko ambao mfasiri hakuutumia. Mtu anaweza kujisugua meno; anaweza kusaidiwa kusugua, yaani msaidizi aweke mkono wake juu ya mkono wa mhusika na kuuongoza; na anaweza kusuguliwa, pale ambapo mikono yake haiwezi kabisa. Hatua hizo tatu ni ngazi za uhuru wa mtu. Anayeweza kujisugua akisuguliwa kila siku, atausahau ujuzi aliokuwa nao. Mwongozo wa afya lazima useme ni ipi kati ya hatua hizo inayokusudiwa.

Kitenzi cha pili ni “kudhibiti”. Imeandikwa kuwa mhusika “adhibitiwe” anapokataa kufungua kinywa. Tunadhibiti mafuriko, magendo na nzige. Je, mtu adhibitiwe vipi? Kwa maneno, kwa dawa, au kwa watu wanne kumshika mikono na miguu? Neno hili linaficha kati ya herufi zake tendo zito ambalo, likifanywa ovyo, linaweza kumfanya mtu aogope tabibu wa meno maisha yake yote. Kama kinachokusudiwa ni kumshika, iandikwe “kumshika”, na ielezwe ni lini, kwa muda gani na kwa ruhusa ya nani. Kama ni kumbembeleza, iandikwe hivyo. Msomaji ataona mara moja kuwa matendo hayo hayalingani.

Pamoja na kitenzi hiki huja msemo “kudhibiti tabia”. Katika Kiswahili tabia hupimwa kwa wema na ubaya. Asemwaye tabia amekwisha hukumiwa nusu. Mtoto mwenye usonji anayefumba kinywa kwa sababu mlio wa mashine unamuumiza masikio hana tabia mbaya. Neno linalofaa hapa ni “kuzoeza”. Matabibu wana utaratibu mzuri wa hatua tatu: kwanza wamweleze mtu watakachofanya, kisha wamwonyeshe kifaa, mara nyingi kwa kukigusisha ukucha wake, na mwisho watende. Utaratibu huo tunaweza kuuita “eleza, onyesha, tenda”. Kwa kipofu, kuonyesha kutakuwa kugusisha na kusikilizisha.

Kitenzi cha tatu ni “kulaza”, pamoja na jina lake “dawa ya usingizi”. Hapa tumekuta hatari iliyo wazi. Dawa ya usingizi imetumika kwa mambo matatu: sindano inayotia ganzi sehemu ya kinywa huku mtu yu macho, dawa inayomlegeza na kumpunguzia hofu huku bado anaitika, na dawa inayomzimisha fahamu kabisa. Kwa hilo la tatu, mtu kwa kawaida hutakiwa akae saa 6 bila chakula, na hata maji aache saa 2 kabla, kwa kuwa kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa hana fahamu. Mzazi ambaye safari iliyopita aliambiwa “dawa ya usingizi” kwa maana ya ganzi, na mtoto akanywa uji asubuhi bila dhara, atampa uji safari hii pia. Hatakuwa amefanya uzembe; atakuwa ameliamini neno. Maneno ya kutenganisha mambo haya tunayo: “ganzi” kwa la kwanza, “dawa ya kutuliza” kwa la pili, na “nusukaputi” kwa la tatu. Yatumiwe hivyo bila kuchanganywa.

5. Idhini na ridhaa

Mfasiri ametumia “idhini” na “ridhaa” kwa kupokezana, pengine kwa kukwepa kulirudia neno moja. Hiyo ni sifa katika insha, lakini ni ila katika istilahi. Maneno haya mawili hayana maana moja. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka. Ridhaa humo moyoni mwa mtu mwenyewe. Tukiyatenga, tutapata kwa bei rahisi tofauti muhimu ambayo watu wa tiba wanaihitaji. Mzazi wa mtoto, au yule ambaye sheria imempa mamlaka, hutoa idhini kwa kutia sahihi. Lakini hata pale ambapo idhini imekwisha kutolewa, ridhaa ya aliyeketi kitini itafutwe, kwa ishara, kwa picha, au kwa kuinua mkono. Karatasi yenye sahihi ya mama haifungui kinywa cha mwana.

Vivyo hivyo kuhusu “mlezi”. Neno hili linamfaa anayemlea mtoto. Mtu wa miaka 40 anayesukumiwa kiti cha magurudumu halelewi, anasaidiwa. Aliyefuatana naye aitwe “msaidizi”, na tabibu atakumbuka kumwelekezea maneno mwenye meno.

6. Kuziba jino bila keekee

Mfano wetu wa mwisho una asili yake hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walianza kutumia njia ya kuondoa sehemu laini iliyooza ya jino kwa vifaa vya mkono tu, pasipo mashine wala umeme, kisha kuliziba kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino. Saruji iliyokuja kutumiwa zaidi ni ile ambayo pia hutoa floraidi. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo kwa mataifa. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, lakini faida yake kwa mtu anayeogopa mlio, au asiyeweza kusafirishwa mbali, ni dhahiri: tabibu anaweza kumfuata nyumbani au shuleni.

Rasimu imeiita “tiba ya urejeshaji isiyo na kiwewe”. Kila neno humo limetafsiriwa, na hakuna aliyeelewa. Kinarejeshwa nini? Kiwewe ni cha nani? Mzazi akisomewa hayo atadhani mwanawe anapelekwa kwa daktari wa akili. Tunapendekeza “kuziba jino kwa vifaa vya mkono”, au kwa lugha ya kila siku “kuziba bila keekee”. Keekee fundi seremala anaijua, na mtoto aliyewahi kuketi katika kiti cha tabibu anaijua zaidi.

Hoja za kupinga

Tunatazamia kupingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba maneno hayatibu jino, na kwamba upungufu wa matabibu, viti na dawa ndio unaopaswa kuandikiwa. Ni kweli kuwa neno halizibi tundu. Lakini pale penye uhaba, jino la mtu mwenye ulemavu huwa katika hatari ya kung'olewa hata kama lingeweza kuzibwa, kwa kuwa kung'oa ni jambo la mara moja. Akishang'olewa mengi, kilema cha kwanza huongezewa cha pili: huwa kibogoyo, hawezi kutafuna, na maneno ambayo yalikuwa yakimtoka kwa shida hayatoki tena. Mwongozo unaosema waziwazi “lizibwe kwa vifaa vya mkono” ni bora kuliko unaosema “ashughulikiwe kulingana na mahitaji yake maalumu”, hata kama tabibu ni mmoja na kiti ni kimoja.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Itasemwa kuwa majina ya heshima hayadumu. Kwamba hata haya tunayoyapendekeza leo yatakuwa matusi siku moja, nasi tutakuwa tumejisumbua bure. Hatuwezi kuapa kuwa hayatakuwa hivyo. Ndiyo maana hatukutafuta maneno ya kupendeza. Tumetafuta maneno yanayoeleza kitu na kumwelekeza mtu kwenye tendo, na tunaamini neno lenye kazi huchelewa kuharibika kuliko neno lililowekwa kwa adabu tu.

Mapendekezo haya hayajasanifishwa. Tunawaomba matabibu wa meno, wauguzi, walimu wa shule zenye wanafunzi wenye ulemavu, wafasiri na, zaidi ya wote, watu wenye ulemavu wenyewe, watuletee maoni yao kabla hayajapelekwa mbele ya kamati. Aliye na neno bora linalotumika kwao, hata kama halimo katika kamusi yoyote, asilifiche.